Mwandikiwa Asiyetajwa: Barua ya Rabi Reines Isomwapo Yamumbi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili haujaitendea barua haki. Utenzi umechambuliwa, riwaya na tamthilia zimechambuliwa, hata vitendawili vimepata wataalamu wake. Lakini barua, inapotajwa, hutajwa ama kama mbinu mojawapo ya usimulizi ndani ya riwaya, ama kama ushahidi wa mwanahistoria. Hali hii inashangaza, maana miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yaliyotufikia ni barua: zile zilizoandikwa Kilwa kwa hati za Kiarabu kuanzia mwaka 1711, ambazo nakala zake asilia zimehifadhiwa Goa, nchini India. Tena mwaka 1892 Carl Büttner alichapisha Ujerumani mkusanyo wa maandishi ya Waswahili katika hati hizo hizo, na barua zimo. Hakuna hata mmoja kati ya waandishi hao aliyetuandikia sisi. Msomaji wa barua ya watu wengine ni mdukizi, na ni halali kuuliza mdukizi ana haki gani ya kuhukumu alichokisikia mlangoni. Swali hili hujibiwa kwa wepesi sana pale barua inapowahusu watu wa mbali. Huwa zito barua inapomhusu mdukizi mwenyewe, naye hakutajwa ndani yake.

Barua ninayokusudia kuijadili haikuandikwa kwa Kiswahili, wala haikuandikwa Afrika. Mwandishi wake ni Rabi Isaac Jacob Reines, aliyezaliwa Karlin mwaka 1839, akawa rabi wa mji wa Lida tangu mwaka 1885 hadi alipofariki mwaka 1915. Miji yote miwili leo imo katika nchi ya Belarusi. Alikuwa mwanachuoni kwa maana kamili ya neno hilo. Katika kitabu chake *Hotem Tokhnit* alijaribu kuziweka wazi kanuni za kimantiki zinazotawala hoja za Talmud, na katika ualimu alitaka wanafunzi wa dini wasome pia elimu ya dunia, jambo lililomletea upinzani mkali miongoni mwa wenziwe. Mwaka 1902 aliunda huko Vilna chama cha Mizrachi, chama cha Wayahudi washika dini ndani ya harakati ya Uzayuni. Mwandikiwa wake ni Theodor Herzl wa Vienna, mwanahabari na mtunzi wa tamthilia, kiongozi wa harakati hiyo. Barua iliandikwa baada ya Mkutano Mkuu wa Sita wa Wazayuni uliofanyika Basel, Uswisi, Agosti 1903. Kilichoisababisha ni uwanda wa Uasin Gishu. Nami naisoma Yamumbi, kilomita chache kutoka mjini Eldoret, juu ya uwanda huo huo.

Kisa chenyewe kinajulikana kwa watu wa historia, kwa hiyo nitakieleza kwa ufupi. Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alipita nchini mwetu kwa gari-moshi mnamo Desemba 1902, akavutiwa na hali ya hewa ya nyanda za juu. Aprili mwaka uliofuata Wayahudi 49 waliuawa na maelfu wakaporwa katika mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya milki ya Urusi. Tarehe 14 Agosti 1903 Sir Clement Hill wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza alimwandikia Leopold Greenberg, wakala wa Herzl, barua iliyosema kwamba serikali ilikuwa tayari kuwafikiria Wayahudi kwa makazi katika Afrika ya Mashariki, tena makazi yenye utawala wao wa ndani chini ya afisa wao wa Kiyahudi. Siku tisa baadaye wajumbe wakaanza kukutana Basel. Tangu hapo jambo hili likaitwa Mpango wa Uganda, jina ambalo lilikuwa kosa tangu siku ya kwanza: mkoa wenyewe ulikuwa umekwisha ondolewa Uganda na kuunganishwa na Himaya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili 1902. Katika mabishano yote yaliyofuata, mahali petu paliitwa kwa jina la mahali pengine. Mhakiki anayejali majina hawezi kulipita hilo kama kosa la karani tu.

Mkutano haukupiga kura ya kuhama. Ulipiga kura ya kutuma tume ikaione nchi: wajumbe 295 waliunga mkono, 178 walipinga, na karibu mia moja hawakupiga kura. Waliopinga, wengi wao Warusi, walitoka ukumbini. Inasimuliwa kwamba baadhi yao waliketi sakafuni wakilia kama waliofiwa. Inasimuliwa pia kwamba ramani ya Palestina iliyozoeleka nyuma ya jukwaa iliondolewa, na badala yake ikatundikwa ramani ya Afrika Mashariki. Mtu akitaka kuandika tamthilia juu ya mkutano ule hana haja ya kubuni maleba.

Mgeni wa habari hizi angetarajia kwamba wenye dini ndio waliong'ang'ania Sayuni, na kwamba walioacha dini ndio waliokuwa tayari kwenda popote. Mambo yalikuwa kinyume. Wapinzani wakali wa Mpango wa Uganda walikuwa vijana wa Kirusi wasiofuata sheria ya Musa kwa ukamilifu, na wajumbe wa Kishinev, mji uliokuwa umetoka tu kuzika maiti, nao walikataa. Chama cha Reines kwa sehemu kubwa kilikubali. Rabi mzee aliyesali kila siku kwa kuelekea Yerusalemu alipiga kura ya kuitazama Afrika. Barua yake kwa Herzl inaeleza sababu.

Hoja ya barua, kama inavyonukuliwa na wanahistoria wa Mizrachi, ni fupi. Reines anasema kwamba wao walilikubali pendekezo la Afrika kwa kuwa walizisikiliza haja za taifa lao, nazo ni ghali kwao kuliko ile nchi. Taifa linaharibika mwili na roho. Linahitaji kimbilio la salama, popote litakapopatikana. Kisha anafikia kiini cha mantiki yake: pasipo Israeli hakuna Sayuni. Mwenye kuitamani nchi hana budi kwanza kuwahifadhi wale watakaoirudia. Hapa namwona mtunzi wa *Hotem Tokhnit* akifanya kazi yake ya kila siku. Hamwagi machozi, hamsifu Mwingereza, hapambi. Anapanga mambo mawili kwa daraja, lipi ni sharti la jingine, kama vile anavyopanga hoja mbili za Talmud zinazoonekana kugongana.

Ni lazima niseme nimeisoma barua hii kwa namna gani, maana namna ya kusoma ni sehemu ya hoja yangu. Nimeisoma kupitia tafsiri ya Kiingereza, tena vile vifungu ambavyo kila mwandishi hunukuu. Hii ndiyo ajali inayozipata barua nyingi za watu mashuhuri. Barua huandikwa kwa mkono mmoja, kwenye karatasi moja, kwa mtu mmoja. Kisha huja mwanahistoria akachomoa sentensi tatu, naye mwenziwe akazichomoa zile tatu kutoka kwa yule wa kwanza, hadi mwili wa barua ukasahauliwa kabisa. Sisi tuliozoea nyaraka za pwani tunajua kinachopotea. Waraka wa Kiswahili wa kale huanza na *ila jenabi*, hufuata sifa za mwandikiwa, dua, salamu za jamaa, na ndipo huja *ama baada*, mpaka unaotenga adabu na haja. Msomaji wa haraka huruka moja kwa moja hadi *ama baada*. Lakini katika zile sifa na dua ndimo mwandishi anamopima cheo chake mbele ya mwandikiwa, na aghalabu ndimo anamofichua anachokiogopa. Barua za marabi wa Ulaya Mashariki zina desturi inayokaribiana na hiyo: vyeo vya heshima vilivyopangwa kwa vifupisho, dua, vidokezo vya Maandiko, vyote kwa hati ya mkono iliyoinama ambayo haifanani na zile herufi za mraba tunazoziona katika vitabu vya chapa.

Sasa tuzingatie nani anamwandikia nani. Reines mwaka ule alikuwa anakaribia umri wa miaka 64, nambari ambayo mkazi wa Eldoret hawezi kuiona bila kutabasamu, kwa sababu zitakazoonekana hapa chini. Herzl alikuwa na miaka 43. Mmoja aliishi ndani ya Kiebrania cha vitabu vitakatifu; mwingine alifikiri kwa Kijerumani na Kiebrania hakukijua vizuri. Mmoja alishika kila sheria. Mwingine, kwa kipimo cha Lida, alikuwa karibu hana dini. Kwa mizani ya kawaida ya jamii yao, kijana wa namna ile ndiye angepaswa kumwandikia mzee kumwomba ushauri. Hapa mzee ndiye anayeandika kumwondolea kijana wasiwasi: ya kwamba wako pamoja naye, na ya kwamba sababu zao ni hizi. Sura ya barua imeigeuza ngazi ya heshima juu chini, na nadhani ndiyo sababu hoja yake ni ya wazi hivyo. Mtu anayemwandikia asiyeijua Talmud hawezi kujificha nyuma ya Talmud.

Hadi hapa nimemsoma Reines kama mdukizi mwenye adabu. Lakini turudi kwenye lile neno *popote*. Kimbilio lipatikane popote. Kwa mwandishi, neno hilo lina upana na ukarimu. Ni neno la mtu aliyeona watu wake wakichinjwa, asiyetaka kuchagua mlango wakati nyumba inaungua. Max Nordau, msaidizi wa Herzl, aliuita mpango ule makao ya kulala usiku. Kwa msomaji wa Yamumbi, *popote* ni hapa. Ni udongo huu mwekundu, mahindi haya, barabara hii ya kwenda Kapseret.

Hapa palikuwa na watu. Uwanda una jina la Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao vita vya karne ya 19 vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, na vya wao na Wanandi, viliwatawanya. Kabla yao kuna Wasirikwa, ambao mashimo yao ya mazizi bado yanaonekana katika mashamba ya watu. Mwaka 1903 Wanandi walikuwa hai kabisa, wakiwasumbua Waingereza kando ya reli, na hakuna aliyekuwa amewashinda. Kwa hiyo utupu ambao wageni waliuona juu ya uwanda ulikuwa na tarehe na sababu. Haukuwa utupu wa tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Tume ya watu watatu, Meja Gibbons, Alfred Kaiser na mhandisi Nahum Wilbusch, ilifika mwanzoni mwa mwaka 1905. Gibbons aliona matumaini kiasi. Wenzake wawili hawakuona. Herzl alikuwa amefariki tarehe 3 Julai 1904, na Mkutano wa Saba, uliofanyika Basel mwaka 1905, ukalifunga jambo. Walowezi wa Kiingereza, wakiongozwa na Lord Delamere, walikuwa wamekwisha upinga mpango kwa sababu zao wenyewe, ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na haki ya Mnandi. Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani, na upinzani wa Wanandi ukavunjwa. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini ukapanda uwanda na magari yao ya ng'ombe. Mji ulizuka kwenye shamba lililopimwa kwa nambari 64, na wenyeji wakauita Sisibo kwa kuitamka nambari hiyo kwa ndimi zao. Mwaka 1912 ukapewa jina la Eldoret.

Ni rahisi, basi, kumkamata Reines kwa kosa la kutomtaja Mnandi, na wanafunzi wangu wa shahada ya pili hufanya hivyo kwa dakika tano. Wamefunzwa kutafuta aliyenyamazishwa, nao humpata. Sina ugomvi na mbinu hiyo. Ninachouliza ni kama mwenye kuitumia yuko tayari kuitumia kwa karatasi zilizomo ndani ya sanduku la nyumbani kwao.

Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alifika Yamumbi katika miaka ya 1970, baada ya mlowezi kuuza na kampuni ya kununua mashamba kugawa. Alikuwa na cheti cha hisa, na baadaye, alipomwongezea jirani fedha kwa ekari moja zaidi, alikuwa na makubaliano ya mkono kwenye fuluskepu. Nimeyasoma mara nyingi kuliko riwaya yoyote ninayoifundisha. Yana muuzaji, mnunuzi, bei, mipaka (mti wa mkuyu, kijito, ua wa fulani), mashahidi wanne, na alama za vidole za wawili kati yao. Ni maandishi mazuri ya aina yake: hayana neno la ziada, na kila mtu aliyetajwa amesimama mahali pake. Asiyetajwa ni yule ambaye babu yake alilisha ng'ombe pale kabla ya mlowezi kuchora mstari. Hakuwa muuzaji, hakuwa mnunuzi, hakuwa shahidi. Baba alilipa kwa haki, kwa mshahara wa chaki, na hakumnyang'anya mtu. Lakini fuluskepu ile na barua ya Lida ni ndugu. Zote mbili zinatafuta kimbilio kwa ajili ya jamaa ya mwandishi, zote mbili ni safi kwa kadiri ya wale waliomo ndani yake, na zote mbili zina mwandikiwa asiyetajwa, ambaye siku moja atazisoma.

Alizisoma. Machafuko ya mwaka 1992 yaliligusa jimbo letu kwa ukali, hasa upande wa Burnt Forest, na msamiati wa siasa wa wakati ule ulituita madoadoa, yaani doa linalopaswa kufutwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Yamumbi iliungua. Tarehe Mosi Januari 2008, katika Kiambaa iliyo jirani, kanisa lilichomwa moto pamoja na waliokimbilia ndani yake, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu kwa nchi nzima watu 1,133 waliouawa. Majirani wetu Wakalenjin nao walizika, na wale miongoni mwao waliotuficha walihatarisha roho zao. Sina nia ya kuandika hapa historia ya miezi ile. Nataka kueleza barua moja.

Baba alikuwa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Eldoret, chini ya turubai, pamoja na maelfu ya wengine. Mama alikuwa amekwisha pelekwa kwa dada yake Nyandarua. Simu zilikuwapo, lakini baba alikuwa mtu wa kalamu, na jambo zito alilitia kwenye karatasi. Alimwandikia kwa Kigikuyu, kurasa mbili, kwa ile hati yake ya ubaoni iliyonyooka. Alimwambia kwamba alikwenda kuangalia akiwa na askari; kwamba nyumba haipo lakini kisima kipo; kwamba mabati yanaweza kununuliwa; kwamba mkuyu haukukatwa; kwamba asiyerudi kabla ya mvua za Machi atakuta mpaka umehamishwa. Ardhi, aliandika kwa maana hiyo, ndiyo itakayowaweka watoto kuwa watu. Salamu za afya ziliwekwa mwisho, katika mstari mmoja. Kwa mtu aliyelelewa katika adabu ya barua, ambayo huanza kwa kujulia hali, mpangilio huo ulisema mengi kuliko maneno. Mama aliisoma, akaikunja, akasema kwamba hatalala tena mahali ambapo amesikia mtoto wa mwenzake akiita. Hakuandika jibu. Baba alirudi Yamumbi peke yake na kujenga chumba kimoja, na kwa miaka minne walikuwa mume na mke wa kutembeleana.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokutana na hoja ya Reines katika kitabu cha historia, nikitafuta habari za Eldoret kwa ajili ya mhadhara. Niliona kwamba rabi wa Lida alikuwa upande wa mama. Watu kwanza, nchi baadaye. Pasipo wao, nchi haina maana. Na wale waliotoka ukumbini Basel wakilia walikuwa upande wa baba. Siwezi kuwadharau. Wajumbe wa Kishinev, waliokuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kukubali kimbilio lolote, walikataa. Baba naye, aliyekuwa na sababu zote za kuondoka, alirudi. Kuna jambo ndani ya mtu aliyechomewa nyumba ambalo hoja safi ya daraja halilifikii.

Kwa hiyo nazikataa njia mbili za kuisoma barua hii. Ya kwanza ni ile ya wanaoisifu kama waraka wa utu tu, rabi mpole anayeweka uhai juu ya udongo, bila kuuliza udongo ule mwingine uliokuwa ukikubaliwa ulikuwa wa nani. Ya pili ni ile ya wanaoikunja kama ushahidi mmoja zaidi wa ukoloni na kuiweka pembeni. Reines hakuwa mkoloni. Hakuwa na serikali wala bunduki; alikuwa raia wa daraja la chini katika himaya ya watu wengine, akipewa na himaya ya pili ardhi ya watu wa tatu. Aliyekuwa na uwezo wa kugawa ni Chamberlain, na barua ya Hill ndiyo inayostahili ukali wa wanafunzi wangu. Hata hivyo kanuni aliyoitoa Reines ni kubwa kuliko matumizi aliyoyafanya. Ikiwa haja za watu ni ghali kuliko nchi, kanuni hiyo haina mahali pa kusimama iseme: watu wetu pekee. Ikimlinda Myahudi wa Kishinev, inamlinda Mnandi wa mwaka 1905, na mtoto wa Kiambaa wa mwaka 2008. Mwandishi hakuifikisha huko. Barua inafika, kwa sababu barua ikishaandikwa haimtii mwandishi.

Katika semina ya muhula uliopita niliwapa wanafunzi kazi ya kutafsiri kifungu kile kwa Kiswahili, tukiwa na tafsiri ya Kiingereza na orodha fupi ya maneno ya msingi ya Kiebrania. Mambo mawili yalitushangaza. Neno la Kiebrania la nchi, *erets*, na neno letu *ardhi*, tulilolipokea kupitia Kiarabu, ni la shina moja. Na *am*, neno la taifa au watu, lina undugu na lile neno la Kiarabu la baba mdogo, ambalo Waswahili wanalijua kama *ami*. Ukizifuata nasaba za maneno badala ya kamusi, hoja ya rabi inakuwa kwamba ami ni ghali kuliko ardhi. Mwanafunzi mmoja kutoka Kapsabet alisema hivyo ndivyo wazee wa kwao wangeisema. Mwingine, kutoka Langas, alitaka kuandika *nchi*, kwa madai kwamba ardhi ni kitu cha kuuzwa na nchi si kitu cha kuuzwa. Tulibishana kwa saa nzima juu ya hilo, na nadhani wote wawili walikuwa na haki.

Kilichotushinda ni neno dogo. Kiebrania husema *lanu*, yaani kwa upande wetu sisi. Wanafunzi wote kumi na mmoja, kila mmoja peke yake, waliandika kwamba watu ni ghali *kwetu* kuliko ardhi. Ndicho Kiswahili sahihi. Lakini *kwetu* ni pia nyumbani, mahali tunapotoka, na mwaka 2008 tuliambiwa kwa midomo mingi turudi *kwenu*. Neno linalopaswa kuonyesha tu nani anayethamini limebeba ndani yake shamba, mpaka na mkuyu. Yule wa Kapsabet alipendekeza tuandike *kwa sisi*. Yule wa Langas akasema hicho si Kiswahili, na kwamba heri tuliache *kwetu* na msomaji achague. Tafsiri imebaki hivyo kwenye faili ya semina, neno hilo likiwa limepigiwa mstari kwa penseli.